Jicho la Kulia la Kasilda

Kasilda na mumewe Kasiano walikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Amani iliporudi, walirudi kwao Gashoho, Burundi. Walilima maharage, na siku za soko Kasilda aliyauza.

Mwaka wa tatu, jicho lake la kulia lilianza kufifia. Halikuuma wala halikuwasha.

"Rangi nyekundu naiona kama udongo," alimwambia mumewe.

"Ni vumbi la mavuno," Kasiano alisema. Alikwenda mpakani Kobero akamnunulia miwani, akarudi amefurahi sana. Kasilda aliivaa. Haikumsaidia, lakini hakutaka kumvunja moyo. Mwaka ukapita.

Siku moja sokoni, Kasilda alimwaga maharage nje ya mfuko wa mteja. Jirani yao Melania, muuguzi, alimtazama usoni.

"Mama, jicho hili limetoka kidogo. Funika la kushoto. Unaniona?"

"Nasikia sauti yako tu."

"Liko hivi tangu lini?"

"Lilififia polepole. Haliumi, ndiyo maana nikangoja."

"Hata lisipouma, linaweza kuwa na ugonjwa. Muende Gitega kwa docteur wa macho. Wiki hii."

Huko Gitega, daktari alimmulika macho, akaagiza picha ya kichwa. Kisha aliwaita wote wawili.

"Kuna uvimbe kwenye mshipa unaounganisha jicho na ubongo," alisema. "Si kansa. Hausambai mwilini. Lakini umeubana mshipa, na mshipa ukishakufa, hakuna dawa wala miwani ya kuurudisha."

"Na kama tungekuja mwaka jana?" Kasiano aliuliza.

"Huenda matibabu ya mionzi yangeokoa sehemu ya uwezo wa kuona. Sasa tutauchunga uvimbe na kulinda jicho la kushoto."

Njiani Kasiano alisema, "Mbona hukuniambia miwani haisaidii?"

"Ulikuwa umefurahi."

"Nami sikuuliza," alisema.

Sasa Kasilda hurudi Gitega kila miezi sita. Jicho la kushoto ni zima. Wakienda shambani, Kasiano hutembea upande wake wa kulia. Kanisani Kasilda huwaambia watu wafunike jicho moja, kisha la pili, na atakayeona giza asingoje maumivu.

Anisia, binti wa jirani mwingine, alijipima hivyo. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Alikwenda hospitali mapema, akatibiwa, akapona.

"Nimefurahi kwa ajili yake," Kasilda alisema alipopata habari. Kisha akaendelea kupepeta maharage, na Kasiano akaja kukaa upande wake wa kulia.