Fomu ya Wubit na Miaka Iliyogongana

Kila Jumamosi asubuhi, hapa kwetu Jimma, mimi hukaanga kahawa na Wubit hujaza asali kwenye vikopo. Wubit ni mke wa mwanangu Gebeyehu. Amefanya kazi nyingi yule. Alichimba visima na shirika la kigeni. Akafundisha biolojia sekondari. Sasa ana mizinga sitini ya nyuki.

Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na saba, aliamua kusoma shahada ya pili, ya nyuki na misitu. Chuo kiko nchi za nje, lakini masomo yake ni ya mtandao. Alituma fomu, tukawa tunasubiri.

Jumamosi moja simu yake ikalia. Akasoma. Kikopo kikamponyoka, asali ikatambaa sakafuni.

"Mama," akaniambia, "wananiita mwongo!"

Gebeyehu akaichukua simu na kutusomea. Chuo kilisema fomu yake inaonyesha aliajiriwa mahali pawili kwa wakati mmoja, miaka mitatu mizima. Atoe maelezo ndani ya siku saba, la sivyo ombi lake litafutwa.

"Mahali pawili?" Gebeyehu akashangaa. "Basi Meron wetu ulimzaa saa ngapi?"

"Usinichekeshe! Nimeandika ukweli mtupu. Kila mwaka nimeunakili kutoka kwenye barua za kazi." Akavisukuma vikopo kando. "Basi, yaishe. Nitabaki na nyuki wangu. Wao hawaniulizi miaka."

Nilitoka nikagonga kwa jirani yetu, Bi Zinash. Alifanya kazi masjala ya chuo cha hapa mjini miaka ishirini.

Alikuja na miwani yake na bakuli la bisi. Kabla ya kuuliza lolote, alipiga magoti akamsaidia Wubit kufuta asali. Sijasahau jambo hilo.

Nikammiminia kikombe cha kwanza. Akasoma fomu, akasoma barua za kazi. Ghafla akavua miwani.

"Wubit! Umeanza kufundisha kabla hujachimba visima!"

"Mimi?"

"Tazama. Barua ya shirika inasema 2001 mpaka 2006. Hiyo ni kalenda ya wageni. Barua ya sekondari inasema 1999 mpaka 2004. Hiyo ni kalenda yetu ya hapa nchini. Wewe umezichanganya kwenye fomu moja."

Wubit akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ee Mungu wangu!"

"Yetu iko nyuma ya yao kwa miaka saba," Bi Zinash akaeleza taratibu. "Na kuanzia Januari yao mpaka mwaka wetu mpya, Septemba, iko nyuma kwa minane. Kwa hesabu yao, ulifundisha kuanzia 2006 hadi 2012. Ulitoka kwenye visima, ukaingia darasani. Hakuna uongo hapo."

"Na mimi, kwa hesabu yao, nina miaka mingapi?" nikauliza.

"Ileile sabini na nne, mama."

"Hawana huruma hao."

Hata Wubit akacheka. Nikamimina kikombe cha pili.

"Sasa sikiliza," Bi Zinash akasema. "Barua za asili usiziguse hata kwa nukta. Jumatatu zipeleke kwa mtafsiri mwenye muhuri. Kwenye fomu andika miaka ya kalenda yao, na yetu kando yake. Kisha waandikie barua fupi ueleze kosa. Usiwafiche. Lakini mbona baada ya 2012 hakuna kitu? Asali iko wapi?"

"Ile ni biashara tu. Nani ataijali?"

"Miaka kumi na mitatu ya nyuki, unaomba kusoma nyuki, na hukuiandika?" Bi Zinash karibu amwage kahawa. "Wataona umekaa bure! Andika mizinga, andika mauzo, andika wanawake uliowafundisha kufuga."

Alikunywa na kikombe cha tatu, kile cha baraka kwa desturi yetu, ndipo akaondoka. Jumatatu Gebeyehu alifunga duka lake, akampeleka mkewe kwa mtafsiri. Jumatano majibu yake yakatumwa chuoni. Ilikuwa siku ya tano.

Jumamosi mbili zikapita. Ya tatu, simu ikalia. Wubit akaitazama, akanitazama. Safari hii alikiweka kikopo chini kwanza. Akasoma. Kisha akapiga ukelele mpaka Bi Zinash akaja mbio, mikono imejaa unga.

Amepokelewa. Waliandika kwamba visima, ualimu na nyuki wake ndivyo vitu walivyokuwa wakivitafuta kwa mwanafunzi.

Jioni hiyo aliketi kujaza fomu ya kujiandikisha. Mstari wa kwanza uliuliza mwaka wa kuzaliwa. Akaandika 1970. Akaganda. Akafuta, akaandika 1977, na kando yake, kwa herufi ndogo, 1970 kwa kalenda yetu.

Nami nikamwekea kikombe karibu na mkono wake.