Kikopo cha Makohozi

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Deka alikuwa na kazi moja kabla ya kuvaa sare ya shule. Aliosha mitungi ya maziwa ya ayeeyo wake, akaifukiza kwa moshi wa kuni mpaka ikanukia, kisha akaipanga mlangoni. Pikapu iliyoleta maziwa ya ngamia kutoka malishoni haikumngoja mtu. Ukichelewa, dereva alipiga honi mara mbili akaenda zake, na biashara yako ya siku hiyo ikawa imeharibika.

Ayeeyo Weris, bibi yake mzaa mama, aliuza maziwa katika soko la Wajir tangu kabla mama yake Deka hajazaliwa. Makarani wa ofisi za serikali, wenye hoteli na akina mama waliojifungua waliwapita wauzaji wengine wote wakaja kwake, na wauzaji hao hawakulifurahia jambo hilo hata kidogo. Wazazi wa Deka walikuwa upande wa Diff wakichunga ngamia. Yeye na mdogo wake Kulow, mwenye miaka mitatu, walilelewa mjini na ayeeyo. Kulow alilala na ayeeyo mkeka mmoja na hakukubali kulala penginepo.

Mwaka huo ayeeyo alianza kukohoa. Mwezi wa kwanza alisema ni vumbi. Mwezi wa pili akasema ni moshi wa mitungi. Mwezi wa tatu nguo zake zilimpwaya, na kila asubuhi aliamka amelowa jasho. Hapo mwanawe Zakariye, ambaye Deka alimwita abti kwa kuwa ni mjomba wake, alimpeleka kituo cha afya cha mtaani bila kumuuliza kama anataka.

Daktari Mulki alimsikiliza kifua, akampa kikopo cheupe chenye kifuniko.

"Mama, kesho ukiamka tu, kabla hujala kitu, kohoa kutoka ndani kabisa uteme humu. Tutapima kifua kikuu."

Asubuhi iliyofuata ayeeyo alimwita Deka nyuma ya nyumba, akamwekea kikopo mkononi.

"Wewe una mafua. Kohoa humu."

"Lakini ayeeyo, daktari amesema..."

"Daktari hauzi maziwa! Ugonjwa huo ukitajwa tu, nani atakunywa maziwa yangu? Watavuka barabara wakiniona. Mimi na wewe ni damu moja. Sema wallahi hutamwambia mtu."

Deka hakuwahi kumkatalia ayeeyo jambo lolote. Alikohoa, akatema, akaapa, akakipeleka kikopo kituoni akielekea shule. Siku ya tatu majibu yalitoka: hakuna kifua kikuu. Abti Zakariye alimshukuru Mungu kwa sauti. Ayeeyo alitazama chini. Deka alisikia kitu kikimchoma moyoni, lakini kufikia jioni alikuwa uwanjani akiruka kamba na wenzake.

Ugonjwa, hata hivyo, haukusoma majibu hayo. Ayeeyo aliendelea kukonda mpaka ikabidi Deka ambebee mtungi hadi sokoni. Ndugu wakaanza kupigiana simu. Mmoja alisema apelekwe Nairobi, mwingine akasema Mogadishu. Wa tatu, aliyewahi kupasuliwa moyo India akapona, alisema kule kuna wataalamu na gharama ni nafuu kuliko hospitali nyingi za kulipia za Nairobi. Hakukosea, na neno lake ndilo lililoshika. Watu wa ukoo wakachanga kama ilivyo desturi, huyu mbuzi, yule ngamia. Baba yake Deka, mzee Abdirahim, alitoa ngamia wanne, mmoja wao yule jike mweupe ambaye Deka alijifunzia kukamua. Lori lililowachukua lilishika njia ya Modogashe, na Deka alilia siku nzima. Pasipoti ya ayeeyo ikatoka, na katika picha yake alionekana amemkasirikia mpiga picha.

Kisha barua ikaja kwenye simu ya abti kutoka hospitali ya ng'ambo. Aliwasomea akiitafsiri kwa Kisomali polepole.

"Wanasema kwa kuwa kifua kikuu hakipo, wanashuku uvimbe. Watampasua ubavuni, wakate kipande cha pafu wakichunguze."

Abti alipotoka, Deka alimfuata ayeeyo mkekani.

"Ayeeyo, watakupasua kwa sababu ya makohozi yangu!"

Ayeeyo alikohoa kwa muda mrefu kabla ya kujibu. "Nikifika nitawaambia wanipime upya. Kule hakuna anayenijua, abaayo," alisema, akimwita dada kwa mapenzi kama kawaida yake. "Nitatibiwa hukohuko, nirudi mzima, na Wajir nzima haitasikia kitu."

Ndipo Deka alipoelewa kwamba ayeeyo alikuwa anakwenda India kujificha. Pembeni yake Kulow, aliyekuwa amejinyoosha usingizini, alikohoa mara mbili. Ayeeyo alimfunika shuka haraka. Macho yao yakakutana, na wote wawili wakaogopa.

Kesho yake, siku moja kabla ya safari, Daktari Mulki alifika nyumbani na barua ya kumruhusu mgonjwa kusafiri. Abti alikuwa akifunga sanduku. Daktari alivaa barakoa, akaketi karibu na mlango.

"Nimeandika kila kitu wanachokitaka," alisema. "Na nimeambatisha majibu ya makohozi yake."

"Si yake," alisema Deka.

Wote walimgeukia. Alikikumbuka kiapo chake, akamkumbuka na Kulow.

"Yale makohozi ni yangu. Mimi ndiye niliyetema kwenye kikopo."

Abti aliliachia sanduku likaanguka. "Unasema nini? Ngamia wa watu wameuzwa! Ndugu wamechanga! Wewe mtoto, una akili kweli?" Alinyanyua mkono. Deka alifumba macho akasubiri kofi.

"Mwache!" Sauti ya ayeeyo ilikuwa nyembamba, lakini abti alisimama palepale. "Mimi ndiye niliyemwamuru. Mimi ndiye niliyemwapisha. Ukitaka kupiga, anza na mama yako."

Abti alishusha mkono, akaketi juu ya sanduku na kujishika kichwa. Ayeeyo alijifunika uso kwa mtandio wake. Deka hakuwahi kumwona akilia, na alitamani ardhi immeze.

Daktari Mulki hakumfokea mtu. Alitoa kikopo kingine mkobani.

"Mama, hospitali yoyote, ya hapa au ya ng'ambo, hutibu kile inachoonyeshwa. Ukiidanganya, inatibu ugonjwa wa mtu mwingine. Wangekupasua kifua kutafuta kitu ambacho huenda tungekipata kwa kikopo hiki. Na ugonjwa huu huenda kwa hewa. Anayelala karibu nawe kila siku ni nani?"

Ayeeyo alimtazama Kulow. Alikichukua kikopo, akatoka nyuma ya nyumba peke yake.

Safari iliahirishwa. Siku iliyofuata majibu yalikuwa wazi: kifua kikuu. Dawa zake zilikuwa palepale kituoni, bila malipo, kwa miezi sita. Wote waliolala nyumba ile walipimwa. Kulow hakuwa ameugua, kikohozi chake kilikuwa cha vumbi tu, lakini alipewa dawa za kumkinga. Michango ambayo haijatumika ilirudishwa kwa wenyewe. Ngamia mweupe hakurudi, na kila alipomfikiria, Deka alijua ni kwa sababu gani. Baba yake alipokuja kutoka Diff hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ungesema mapema," na maneno hayo yalimuuma kuliko fimbo.

Maziwa yaliuzwa na shangazi Fartun mpaka ayeeyo alipopata nguvu na daktari akamruhusu kurudi sokoni. Ayeeyo hakumficha mtu alikuwa anaugua nini. Baadhi ya wateja walivuka barabara kweli, kama alivyohofia. Wengi walirudi mmoja mmoja, na wengine walimuuliza kwa sauti ya chini kituo kile kiko wapi, kwani nao walikuwa na mtu nyumbani anayekohoa.

Mwezi wa sita wa dawa, asubuhi ya kipimo cha mwisho, Deka alikuwa akifukiza mitungi aliposikia ayeeyo akikohoa nyuma ya nyumba, kikohozi kikavu cha kujilazimisha. Kisha akatokea ameshika kikopo cheupe kilichofungwa vizuri.

"Deka, nilikuwa nikiogopa macho ya watu, nikamtwisha mtoto uongo ambao mimi mwenyewe sikuweza kuubeba," alisema. "Mtu mzima akikuomba uongo, hata akiwa mimi, mkatalie kwa adabu. Na mgonjwa asimwonee daktari aibu. Nisamehe, abaayo."

Deka aliitikia kwa kichwa.

Ayeeyo alimpa kikopo. "Haya, kimbia kabla pikapu haijafika. Hiki ni changu."