Njia Safi ya Mikokoni

Mwalimu mstaafu alipatikana saa kumi na dakika ishirini jioni, ameketi kwenye tope la mikoko, mguu umevunjika, mwavuli bado ameushika wima. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni na yalizidi kupanda. Kibao cha PWANI kilielekea huko mikokoni, na kila mfanyakazi wa hifadhi alijua kwamba kuna mtu amekigeuza.

Kesho yake saa mbili asubuhi alifika inspekta, mama mnene asiye na papara, ambaye wenzake kituoni humwita Taratibu. Ukungu ulikuwa bado umelala msituni. Miti ilionekana nusunusu, na mawimbi yalisikika pande zote, hata mtu asijue bahari hasa iko wapi.

Mkuu wa hifadhi alikuwa na mkosaji tayari. "Ni muongoza wageni wangu. Jumatatu nilimnyima likizo, tukagombana. Jana spana ya kufungulia vibao imekutwa kwenye begi lake. Nimemfungia stoo. Mchukue, afande, tumalizane."

Stoo ilikuwa na dirisha moja la nondo. Nje yake mfagiaji wa njia, mwanamke wa makamo, alikuwa akimpitishia mfungwa bakuli la chakula.

"Mama mdogo, hili la tatu tangu jana. Nitapasuka!"

"Kula, baba," alisema mfagiaji bila kumtazama.

Inspekta alimgeukia. "Wewe unafagia njia zipi?"

"Zote, afande. Kila siku."

Kisha akamhoji muongoza wageni, mpwa wa mfagiaji. "Spana ni yako?"

"Ya wote. Inakaa kwenye msumari bandani, pamoja na mafagio. Wiki nzima wageni wananiuliza bahari imehamia wapi. Jana nilipokwenda kumtafuta mwalimu niliibeba, nikague vibao."

"Unajua kesi hii ni ya jela?"

"Najua. Na nina mapacha nyumbani, hata kutambaa bado."

Saa nne inspekta alikuwa hospitalini, kando ya kitanda cha mwalimu.

"Kibao hukukitilia shaka?"

"Mwanangu, kibao gani? Miwani niliisahau nyumbani. Nilifuata njia safi. Imefagiwa kama ua wa mtu anayengoja wakwe! Ile nyingine imejaa majani, nikajua haitumiki."

Inspekta alifunga daftari, akarudi hifadhini.

Saa sita kasoro robo alisimama kwenye njia panda ya msituni, pamoja na mkuu, muongoza wageni na mfagiaji. Kushoto, njia ya zamani ya mikokoni, iliyoachwa miaka mingi, ilikuwa na michirizi ya ufagio kwa hatua thelathini, kisha vichaka. Kulia, njia ya pwani ilizama kwenye majani hadi vifundoni.

"Kugeuza kibao anaweza yeyote mwenye spana," alisema inspekta. "Lakini nani anafagia njia iliyokufa, akaiacha iliyo hai?"

Aliingia njia ya kulia, nao wakamfuata. Mwanga ulichujika kijani kupitia ukungu, na hatua zao hazikutoa sauti. Mfagiaji ndiye aliyesimama kwanza, chini ya mti mkubwa wenye tundu lililozibwa kwa tope, ukaachwa ufa mwembamba tu. Ndege hondohondo dume alitua na tunda mdomoni. Ncha ya domo jingine ikachomoza ufani, ikapokea.

"Mama yumo ndani na makinda," alisema mfagiaji kwa sauti ya chini. "Amejifungia. Baba asipokuja, wanakufa. Mwaka jana wageni walipiga shina kwa fimbo wapate picha. Dume akakimbia moja kwa moja. Nilibandua tope mwenyewe kwa kucha. Walikuwa wepesi kama maganda. Mkuu, nilikuomba mara tatu uifunge njia hii. Ukasema ndege si wageni."

Mkuu alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye shina.

"Nikageuza kibao, nikafagia hatua thelathini tu, nikijua wageni watachoka warudi. Wote walirudi, isipokuwa mwalimu."

"Na mimi?" aliuliza mpwa wake. "Ungeniacha?"

"Zimebaki siku tisa makinda watoke. Nikasema nitakulisha siku tisa, kisha nitasema ukweli." Machozi yalimshuka. "Nimekukosea, baba. Na mwalimu wa watu nimemvunja mguu."

Inspekta alimwonea huruma, tena sana, lakini mguu uliovunjika ulikuwa umevunjika. Alimwambia yuko chini ya ulinzi. Kisha akatoa utepe wa polisi, akaufunga mti hadi mti, akiziba njia yote.

"Hii ya nini tena?" mkuu aliuliza.

"Eneo la tukio. Hapiti mtu mpaka uchunguzi uishe."

"Utaisha lini?"

"Mimi sina papara." Alikaza fundo. "Siku tisa."

Saa kumi alasiri mfagiaji alikuwa stoo, akingoja gari la kituo. Alisikia hatua nje, akadhani ni askari. Mkono ukapita kati ya nondo, umeshika bakuli lilelile.

Hakulipokea. "Dume amerudi?"

"Mara nne tangu saa saba," alisema mpwa wake. "Haya, kula, mama mdogo."