Bega la Kulia

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kushona Gongoni, pale Tabora, kwenye baraza la duka la vitambaa, mwaka sabini na moja. Mpaka leo ukiniletea nguo iliyochakaa nitakuambia mwenyewe anafanya kazi gani. Dereva humaliza makalio. Karani humaliza viwiko. Kwa hiyo haya yaliyompata mdogo wangu Dionis sikuhadithiwa na watu. Niliyaona kwenye nguo, ila niliyaona kwa kuchelewa, na hilo ndilo linaloniudhi.

Dionis alimaliza kidato cha nne mwishoni mwa sabini na nne. Mwezi wa kwanza Baba mdogo Tobias akapanda baiskeli mpaka kwetu Sikonge na habari njema: kampuni ya umma iliyokuwa ikinunua nta na asali mkoani inataka karani wa ghala, na yeye, msimamizi wa ghala, amekwisha kumsemea kijana. Mama alilia kwa furaha. Baba akachinja jogoo, wakamfungia Baba mdogo debe zima la asali ya kuondoka nayo. Alikula paja, akalamba vidole, akambariki mdogo wangu kwa kumshika kichwa. Lile paja silisahau.

Nikamshonea Dionis shati jeupe na suruali ya kaki. Begani nilipitisha mshono mara mbili, maana vijana hawana huruma na nguo. Akaja kukaa kwangu, Jumatatu asubuhi akatoka amenyooka, amechana nywele, anapiga mluzi.

Jioni alirudi bila mluzi.

"Dada, pale watu hawasalimiani," alisema.

Akanieleza. Ghala lenyewe lilikuwa jumba la zamani la misafara, kuta nene kama kitanda kilivyo kipana, mlango wa kupitisha punda wawili na mizigo yao. Ndani palikuwa na bango la Uhuru na Kazi na watu kumi na mmoja wanaoitazama saa ya ukutani. Meneja alikuwa amesoma waraka kutoka Dar es Salaam juu ya ari ya kazi iliyoshuka. Aliusoma bila kuinua macho, akaukunja, akarudi ofisini kwake akajifungia.

"Lakini hilo si kitu. Nimeingia na kreti ya mabonge ya nta, nimeelemewa, nimekwama mlangoni. Watu watano wananitazama. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kunipokea."

Msomaji ambaye hakulelewa kwetu huenda asione ubaya wake. Kwetu mtu akiingia na mzigo, hata kama jana mlitukanana, unainuka. Unasema, "Lete nikupokee," unanyoosha mikono miwili, unapokea. Ndipo salamu zinafuata. Mtoto anayemtazama mkubwa akihangaika na mzigo huonekana hana wazazi.

"Wamekata tamaa hao," nikamwambia. "Kazi za umma ndivyo zilivyo. Wewe usiwaige. Wewe umelelewa."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu.

Siku ya Jumatano mpima mizani wao, Mzee Mfaume, mtu wa mjini hapo hapo, alimvuta Dionis nyuma ya magunia. Akamnong'oneza.

"Humu ndani usimpokee mtu mzigo. Umenisikia? Hata awe nani."

"Kwa nini, mzee?"

"Usimpokee."

Dionis alinisimulia tukacheka sana. Tukasema kampuni hiyo imefika mahali uvivu wenyewe una sheria zake. Kesho yake alimsimulia na Baba mdogo. Baba mdogo hakucheka. Alimwekea mkono mabegani akamwambia, "Mwanangu, hao wamezoea vibaya. Ijumaa wakitoka kwenda msikitini, wewe nisubiri humu ndani. Kuna kazi nataka tuifanye wawili."

Hapa niseme jambo moja. Mwaka mzima kabla ya hapo nilikuwa nikimtilia Baba mdogo viraka. Kila shati, bega la kulia tu. Kitambaa kililika mpaka nyuzi zikabaki nyembamba kama utando, na ndani palikuwa na harufu ya jasho lisilo lake. Siku moja nikamtania, "Baba mdogo, msimamizi mzima unabeba nini huko?" Akanitazama. Macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Alichukua shati lake akaondoka bila kuaga, nami nikasema, mtu mzima akikosa usingizi hukosa na adabu.

Ijumaa mchana, adhana ikaisha, ghala likawa tupu. Walitoka wote, Waislamu na Wakristo, haraka haraka, kama wanafunzi waliosikia kengele. Dionis akabaki amekaa juu ya kreti. Jua lilikuwa kali nje, akaona vumbi likielea mlangoni.

Baba mdogo aliingia kwa mlango wa nyuma.

Alikuwa amebeba kitu begani. Furushi refu, limeviringishwa mkeka wa zamani, limefungwa kamba za magome ya miti. Alikuwa ameinama nusu. Jasho lilimtoka likadondoka chini, tone, tone.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia marahaba. Alisimama tu.

"Mwanangu," akanong'ona. "Nimechoka."

Nani angefanya vingine? Dionis aliruka kutoka kwenye kreti. Alinyoosha mikono miwili.

"Lete, baba, nikupokee."

Akapokea.

Mzigo ulikuwa wa moto. Ulikuwa mzito kuliko gunia. Akauweka begani, akasikia kwenye shavu lake pumzi. Fupi. Kavu. Ya mtu mwenye homa. Akageuza shingo atazame.

Hapakuwa na furushi. Hapakuwa na mkeka wala kamba. Bega lilikuwa tupu.

Uzito ulikuwa palepale.

Baba mdogo alijinyoosha. Dionis aliniambia hakuwahi kujua kuwa ni mrefu kiasi kile. Alijinyoosha mgongo ukalia, akavuta hewa, machozi yakamtoka, akatoka nje juani bila kutazama nyuma. Hakusema hata asante.

Mzee Mfaume ndiye aliyerudi wa kwanza. Alipomwona Dionis ameegemea ukuta hakuuliza. Akamshika mkono akampandisha kwenye mizani ya nta. Mdogo wangu alikuwa mwembamba; Septemba shuleni walimpima kilo hamsini na saba. Mshale wa mizani ukapita hamsini na saba. Ukapita themanini. Ulisimama mia na kumi na mbili.

"Nilikwambia," alisema yule mzee, akakaa chini akashika kichwa.

Ndipo akaeleza, kwa sauti ya chini, huku akiangalia mlango. Zamani za babu yake, msafara ulipita ukielekea pwani. Mpagazi mmoja, mtu wa Ujiji, akashikwa na homa humo ghalani. Wenzake wakamwapia kwamba wakirudi watambeba mpaka kwao. Walirudi kwa njia nyingine. Sasa yeye hubebwa, na hatui chini. Aliyembeba atachakaa mpaka afe, au apate wa kumpokea.

"Na hapokelewi kwa nguvu," Mzee Mfaume akasema. "Ni mpaka mtu anyooshe mikono mwenyewe, kwa mapenzi yake. Ndiyo maana humu hatupendani, kijana. Tunaogopa kupendwa."

Wiki ya pili nilipofua shati la Dionis niliona bega la kulia limeanza kulika. Mshono wangu wa mara mbili ulikuwa umekwisha. Jumamosi hiyo hiyo mke wa Baba mdogo aliniletea nguo za mumewe. Nikalichukua shati moja nikaliinua kwenye jua, nikachukua la pili, la tatu. Mabega yote mazima.

Niliacha cherehani na kitambaa kikiwa chini ya sindano, nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta uani anakunywa chai. Amenenepa.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, Koleta. Karibu chai."

"Ulimchagua mwenyewe, au ulipiga kura?"

Akaweka kikombe chini. Hakujifanya haelewi, na hilo nampa.

"Ningekufa mwezi huu," alinong'ona, maana mkewe alikuwa jikoni. "Nina watoto sita, Koleta. Na mimi nilitwikwa na rafiki aliyesimamia harusi yangu."

"Na Dionis?"

"Dionis hana mtoto."

Alisema hivyo tu. Mtu aliyelala nyumbani kwetu, akala jogoo wetu, akapanda baiskeli akiwa na asali ya mama yangu nyuma, alikuwa ameuangalia ukoo mzima akahesabu nani hana mtoto wa kumlilia. Nilimtemea mate kwenye kile kikombe. Sijawahi kuomba radhi, na wala siombi leo.

Tulijaribu tulichoweza. Hospitali kule Kitete walimpiga picha bega, wakasema ni zima, wakampa vidonge vya maumivu. Padri alimwombea. Dionis akazidi kupinda. Usiku alilala ameketi, maana akilala chali kitu kilimkaba. Kila siku aliniambia habari ile ile: anahema, dada, anahema sikioni, na sasa anasema neno moja.

"Neno gani?"

"Ujiji."

Kazini alikwenda kila siku. Mtu wa kwanza nyumbani kwa baba yetu kupata kazi ya mshahara, angeanzaje kuacha? Wenzake kumi na mmoja walianza kumkwepa. Akiingia mlango huu, wao hutoka ule, mikono mifukoni. Mikono mifukoni ili isije ikanyooka yenyewe.

Mwezi wa tatu, katikati ya masika, alikuja barazani kwangu saa tisa mchana. Mvua ilikuwa imekatika. Alikuwa na mfuko mdogo wa nguo mkononi na lile shati jeupe mwilini. Akaegemea nguzo. Mbao ya nguzo ikalia.

"Dada, nimeamua," alisema. "Nampeleka kwao. Nakwenda Ujiji kwa miguu. Sitamtwika mtu."

"Utafia njiani."

"Labda. Naomba nipumzike hapa kidogo tu."

Akanitazama. Hakuomba kitu. Namwapia Mungu kwamba hakuomba. Lakini alikuwa mdogo wangu, niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na alikuwa amesimama mlangoni pangu ameelemewa. Maneno yalikuwa mdomoni. Maneno mawili tu, ambayo nimewaambia hata watu nisiowajua.

Niliinamisha kichwa nikakanyaga cherehani. Nilishona. Sijui nilishona nini. Hapakuwa hata na kitambaa chini ya sindano. Uzi ulikuwa ukijikunja hewani. Nilikanyaga mpaka miguu ikaniuma, na muda wote huo sikuinua uso.

"Umefanya vizuri, dada," nikamsikia akisema, taratibu, bila hasira.

Nilipoinua uso alikuwa ameondoka.

Asubuhi nilimfuata pamoja na Mzee Mfaume. Haikuwa kazi kumfuata. Kwenye njia ya zamani ya magharibi, ile ya misafara ambayo sasa hupitiwa na warina asali peke yao, tope lilikuwa limeshika nyayo za viatu vyake. Nyayo zetu sisi zilizama unene wa kidole. Zake zilizama mpaka kifundoni. Tulitembea tangu asubuhi mpaka karibu saa sita, tukapita mashamba, tukaingia porini kwenye miyombo. Hatua zake zikaanza kuwa fupi. Zikawa fupi zaidi. Pakawa na alama za magoti.

Halafu tukakuta viatu.

Vilikuwa vimewekwa pembeni, kimoja karibu na kingine, kamba zimefungwa. Hapakuwa na damu wala dalili ya mnyama. Kuanzia pale nyayo ziliendelea kuelekea magharibi, lakini zilikuwa za miguu mitupu. Miguu mipana kuliko viatu vile, ya mtu mzima, visigino vimepasuka. Zilikuwa za mtu mmoja.

Zilizama mpaka kifundoni.

Mzee Mfaume alivua kofia. Hakutaka kwenda mbele, na mimi sikutaka; tukageuka.

Baada ya hapo kampuni ilipona. Ndiyo, ilipona. Watu wakaanza kusalimiana, kutaniana, kupokeana mizigo mlangoni wakicheka. Mwisho wa mwaka meneja alipata barua ya pongezi kwa kuinua ari ya kazi, na Baba mdogo Tobias alisimama mbele ya wenzake akapigiwa makofi. Amezeeka mgongo umenyooka. Jina la Dionis halikutajwa.

Lakini siku ya arobaini tangu aondoke nilifika barazani asubuhi nikakuta kifurushi juu ya cherehani. Kilifungwa kwa kamba ya gome. Ndani yake mlikuwa na shati jeupe na suruali ya kaki, vimefuliwa, vimekunjwa.

Nilitazama bega kwanza. Lilikuwa limetiwa kiraka cha gome la mti, kwa mshono ambao sijafundishwa wala kuuona kwa fundi yeyote. Kiraka kilikuwa kizima, hakuna kilichokigusa tangu kishonwe.

Kisha nikaikunjua suruali. Ilikuwa imelika nyuma ya magoti. Miguu yote miwili, sawasawa, nyuzi zimebaki nyembamba kama utando. Nimeshona zaidi ya miaka arobaini na sijaona tena nguo iliyochakaa hapo. Hakuna kazi inayomaliza suruali nyuma ya magoti. Hapo ndipo mikono inaposhika, mtu akimbeba mwenzake mgongoni kwa safari ndefu.

Ninayo mpaka leo, kwenye sanduku. Mdogo wangu alimpata wa kumpokea, na hakuwa mimi.