Kadi ya Tatu

Sogeeni wanangu, na wewe mwenye simu iweke chini. Nyamazeni kabisa, hili sitalirudia.

Hospitalini palikuwa na fundi wa kompyuta, kijana mwepesi wa mikono, aliyefundishwa kazi na shangazi yake, fundi mkuu wa hapohapo. Mchana mmoja seva, ile kompyuta kubwa, ikaonyesha kwamba ina kadi tatu za mtandao. Akafungua bati, akahesabu kwa kidole. Mbili. Akarudi kwenye kioo cha kompyuta. Tatu. Na chumba kikaanza kunuka udongo mbichi.

Akarudi nyuma hatua moja, maana alijua alichokifanya. Wiki tatu nyuma alikuwa akiamsha kadi mpya. Amri yake ni mstari mmoja: unaandika jina la programu ya kuiendesha, unaweka koma, unataja namba ya tundu ilikochomekwa kadi, ndipo unaongeza masharti mengine. Shangazi alimwambia mpaka akachoka: "Taja namba, mwanangu. Usipotaja, itakamata yoyote itakayoikuta." Yeye njaa ikamharakisha, hakutaja. Programu ikakamata kadi ya kengele za wodini. Robo saa nzima mama mmoja mgonjwa alibonyeza kengele yake, na hakuna muuguzi aliyeisikia. Akakata roho. Fundi akaufuta mstari, akasema aliyeuandika ni Shangazi.

Shangazi akafukuzwa kazi. Na kila jioni alimwekea kijana sahani yake mezani, hamuulizi neno. Hilo ndilo lililomkaba.

Sasa, pale mbele ya kioo, feni za seva zikaanza kupumua, zikivuta na kushusha kama mtu aliyepanda ngazi, na ule mstari aliokwisha kuufuta ukajiandika wenyewe, herufi moja, herufi nyingine, mpaka kwenye koma, pale namba inapokaa, ukasimama, ukamngoja, na nyuma ya sikio lake kitu kikanong'ona: "Uliita bila kusema unamwita nani. Nimeitika mimi."

Akakimbilia nyumbani, na mama yake akamleta mganga wa kienyeji hadi chumba cha seva. Mganga akanusa mlangoni, akagoma kuingia.

"Nani alimwita huyu?"

"Shangazi," fundi akanong'ona.

Kwenye kioo, kadi zikawa nne.

"Ongeza uongo, kijana, wajae chumba," mganga akasema. "Huyu hatoki kwa ubani. Mlete uliyemsingizia."

Shangazi akaja, na daktari mkuu wa hospitali, na binti wa marehemu. Fundi akakiri mbele yao. Shangazi hakumtazama. Akavuta kiti karibu, akasema kwa sauti ileile ya kufundishia, "Haya, andika. Na namba utaje."

Akaandika. Akataja. Zikabaki mbili, na ile harufu ikakatika.

Basi, Shangazi akarudishiwa funguo zake, na alipostaafu zikaenda kwa binti wa marehemu, aliyeomba mwenyewe kufundishwa. Fundi alifungua kibanda cha kutengeneza simu, anakaa humo peke yake. Wateja huchukua simu zao, wakamshukuru, kisha wakageukia kona tupu ya nyuma, ile inayonuka udongo mbichi, na kusema, "Na wewe dada, asante."