Tangi Moja Hadi Merigi

Bethwel alizima injini juu ya mteremko, akaiacha pikipiki ishuke yenyewe.

"Umezima tena?" Fancy, dada yake, aliuliza kutoka nyuma, kidevu kimezama kwenye koti.

"Ikishuka ikiwa imewaka inakula mafuta bure."

Ndivyo alivyokuwa tangu Eldoret. Simu ilipoingia kwamba mama yao amefariki, Bethwel hakutoa hata chozi. Alikwenda kujaza tairi upepo mpaka zikawa ngumu kama mawe, maana tairi ngumu hula mafuta kidogo, kisha akajaza tangi na kumtangazia binamu yake Kipkurui kwenye simu kwamba tangi moja lingewafikisha nyumbani Merigi kwenye mazishi. Njia nzima alishika mwendo uleule, gia ya juu, mkono mwepesi. Fancy alipotaja mama, yeye alitaja mafuta. Wengine wakifiwa hunywa pombe; huyu alipiga hesabu.

Walipopita Kericho walikuta lori limeanguka na kuziba barabara. Madereva wengine waligeuza wakazunguke mbali.

"Tuzunguke pia," Fancy alisema. "Tutaongeza mafuta, kwani iko nini?"

"Tangi inatosha tukikata na hii njia ya msitu."

Kichwa ngumu, jamani! Na sasa walikuwa katikati ya msitu huo, mteremkoni, mvua ya mawe ikaanza.

Mawe yalipiga helmeti, mabega, vidole. Udongo mwekundu uligeuka mweupe. Bethwel alikunja vidole kushika breki lakini hakujua kama ameishika au la, kwa kuwa mikono ilikuwa imekufa ganzi. Injini imezimwa, hakukuwa na gia ya kuizuia pikipiki. Zile tairi ngumu hazikushika chochote. Sehemu ya nyuma ikapita mbele, miti ikapinduka, wakarushwa bondeni karibu na kijito.

Aliinuka. Fancy hakuinuka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Bethwel alikata vijiti viwili, akaufunga mguu kwa mipira ya kufungia mizigo. Alifanya polepole, kama mtu anayefunga gunia la majani chai. Simu zote mbili zililowa, hazikuwaka.

"Unasikia mguu?"

"Sisikii kitu."

"Hata mimi sisikii mikono."

Alimburuta chini ya gogo lililolala, mahali palipokuwa pakavu kidogo, kisha akaenda kutikisa tangi. Mafuta yalibaki kidogo sana, ya rizavu, ile akiba ya chini. Akapiga hesabu tena, mzee mzima. Akipunguza upepo, tairi zitashika udongo. Akienda peke yake, mafuta yatampandisha hadi kwenye mashamba ya chai. Alichuchumaa, akaanza kutoa upepo.

"Bethwel," dada yake aliita. Alikuwa ameacha kutetemeka, anahangaika kufungua zipu ya koti. "Toa hii. Nasikia joto. Mama amewasha moto."

Upepo uliendelea kutoka, fsss, na Bethwel hakuusikia tena. Aliwahi kuambiwa kwamba anayekufa kwa baridi huona joto. Akienda, atakaporudi atamkuta nani?

Alivuta mpira wa mafuta, akamimina yote kwenye chupa ya maji, hata ya rizavu. Alikusanya matawi makavu chini ya gogo, akayamwagia. Kiberiti hakikuwepo. Alifungua plagi ya cheche, akailaza na waya wake juu ya injini pamoja na kitambaa kilicholowa petroli, akapiga kiki. Hakuna. Akapiga tena, mguu ukateleza, akapiga tena kwa hasira. Cheche iliruka, kitambaa kikashika, akakitupa kwenye kuni. Vuuuu!

Alimkumbatia Fancy mbele ya moto. "Usilale. Unanisikia? Nimeshampoteza mmoja wiki hii, wewe usithubutu!" Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. Aliogopa, aliogopa sana. Fancy alifumba macho. Bethwel alitupia majani mabichi motoni bila kufikiri, moshi mzito ukapanda juu ya miti.

"Simama hapo! Msikimbie! Leo ndiyo leo, nyinyi wachoma makaa!"

Mtu alishuka na rungu, mbwa mbele yake. Alikuwa Nyagaka, mlinzi wa shamba la chai pembeni mwa msitu, na kwake moshi wa msituni ulikuwa na maana moja tu.

"Makaa iko wapi?"

"Hakuna makaa, mzee. Dada yangu anakufa."

Nyagaka alitazama mguu, akatazama uso wa Fancy. Akatupa rungu. "Woi! Nipandishie yeye mgongoni, haraka."

Nyumbani kwake ng'ambo ya kilima, mkewe Mellen alimvua Fancy nguo zilizolowa, akamzungushia blanketi zote za nyumba, akamnywesha chai ya maziwa kijiko kwa kijiko. Mwishowe Fancy alianza kutetemeka tena, meno yakigongana.

"Sasa ni sawa," Mellen alisema, kisha akachukua mikono ya Bethwel na kuiweka ndani ya sweta lake, kwapani, kama angefanya kwa mtoto wake.

Muda kidogo tu, vidole vikaanza kuchoma. "Zinauma," Bethwel alisema. "Mama, zinauma." Akalia kwa sauti, kamasi na yote, mbele ya watu asiowajua.

"Lia, mtoto wangu," alisema Mellen. "Hapa hakuna wa kukucheka."

Walifika Merigi jeneza likiwa bado uani, Fancy amefungwa plasta hospitalini, kwenye pikapu ya jirani wa Nyagaka. Kipkurui aliwakimbilia, na kwa kuwa hakujua la kusema, akarudia lile la kwenye simu.

"Tangi moja ilitosha?"

Bethwel alikuwa akimshusha Fancy, mkono wa dada yake umemkaba shingoni, wa moto, mzito.

"Sijui," alisema. "Nisaidie kumbeba. Tunataka kumwona mama."