Chupa ya Mwamapalala

Soko la Bariadi lilikuwa limefurika siku ambayo Domitila alikutana na Ngeleja. Mikono yao ilishika fungu moja la magome, la mwisho kwenye meza ya muuza dawa za asili, na hakuna aliyeachia.

"Kaka, hii ni ya mama yangu. Ana kisukari," alisema Domitila. Alikuwa fundi cherehani wa Somanda, na gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe lilimkaa vizuri kiunoni.

"Mimi naitaka kwa ajili ya panya," alijibu kijana yule mrefu mwenye shati jeupe.

Domitila alimkazia macho. "Panya wanaugua kisukari?"

"Wangu wa maabara wanaugua. Nawapa maji ya magome nione kama sukari itashuka bila kuwadhuru. Binadamu bado kabisa."

Akaachia fungu, akaomba namba ya simu. Haikupita muda mrefu wakawa wanapigiana kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na panya wako?"

"Wamenuna. Wanasema nakupenda kuliko wao."

Domitila alicheka, lakini kuna jambo lilimkaa rohoni. Ngeleja alipenda mno kwenda Mwamapalala kwa mama yake, Milembe, kumuuliza habari za miti. Alimtaka yeye, au alitaka dawa za mama?

Asubuhi moja jirani wa mama alipiga simu. Milembe alikuwa ameanguka, anatetemeka, jasho linamtiririka. Hospitalini daktari alisema sukari imeshuka mno, akauliza mgonjwa amekunywa nini pamoja na vidonge vyake. Jirani akatoa chupa ndogo ya kahawia aliyoikuta nyumbani, kitandani kwa mgonjwa. Domitila aliitambua. Chupa za namna ile alikwisha kuziona kwenye mkoba wa Ngeleja.

Akampigia palepale. "Umemfanya mama yangu panya wako."

"Domi, sijampa mama kitu chochote."

"Chupa ya kahawia si yako?"

"Ni yangu. Ilipotea ile Jumapili tuliyokwenda wote kwa mama."

"Na hukusema." Akakata simu.

Ngeleja alikuja hata hivyo, shati limejaa vumbi la barabarani. Alimweleza daktari kuwa ndani ya chupa mlikuwa na maji ya magome yaliyokolezwa, kisha akaketi kwenye benchi la nje. Domitila alimpita bila salamu.

Kesho yake Milembe alipata sauti.

"Niliichukua mimi, mlipotoka kuangalia ng'ombe," alisema. "Nilikuwa nimemwomba Ngeleja, akakataa, akasema haijawa dawa ya watu. Nikaona ananinyima."

"Mayu, mama yangu, ungekufa."

"Vidonge vimenichosha, mwanangu."

Domitila akatoka nje. "Mama amesema ukweli. Nisamehe."

Ngeleja hakuinua uso. "Usiombe msamaha bado. Unajua kwa nini sikusema chupa imepotea? Nilidhani umeichukua wewe, umpelekee yule muuza dawa wa sokoni. Wewe ndiye uliyeshika mkoba wangu njia nzima. Ningekuuliza, tungeitafuta, na mama asingefika hapa."

Domitila akaketi mbali naye kidogo. "Kwa hiyo kila jioni ulikuwa unaniita mpenzi huku unaniona mwizi."

"Ndiyo. Na wewe ulikuwa unanionaje?"

Domitila aligeuka akatazama barabarani. Pikipiki zilipita nje ya lango, zikaisha, zikaja nyingine.

"Nilipanga kuwaleta wazee kwenu baada ya kuuza pamba," alisema Ngeleja. "Sasa sijui."

"Waje. Lakini waje kusalimia tu. Habari ya ng'ombe wa mahari tutaizungumza siku nitakapokuamini."

"Na kama mimi ndiye nitakayechelewa kukuamini?"

"Utaniuliza. Hata kama swali lenyewe litaniuma, uliza."

Muuguzi alichungulia mlangoni, akataka kujua ndugu wa Milembe ni nani.

Domitila akasimama, akamngoja Ngeleja naye asimame. "Sisi," alisema.